Mama anaona watu wawili wawili: tuuze mikorosho tununue vidonge?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tandahimba, mkoani Mtwara. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama ana miaka 56, hajawahi kuvuta sigara, na maisha yake yote ni mikorosho, mihogo na wajukuu.

Kikohozi kilipomwanza aliandikiwa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yalipopimwa hayakuonyesha kitu. Akazimeza mpaka zikaisha na bado akazidi kukonda. Tulipomfikisha Dar es Salaam ndipo tukaambiwa ni saratani ya mapafu na imeshatoka nje ya pafu. Walikata kinyama wakakipeleka kupimwa, majibu yakarudi yameandikwa EGFR, eksoni 19. Daktari alifurahi kidogo, akasema hilo ni badiliko la jeni kwenye seli za saratani na lina vidonge vyake. Akamwanzisha gefitinibu, kimoja kila siku.

Shangazi, tulidhani muujiza. Mama alinenepa, akarudi kupalilia, akawa anakwenda mwenyewe kuchimba ming'oko na kuwachekesha watu kwenye unyago. Zaidi ya mwaka tulikaa hivyo.

Tangu Ramadhani mambo yamegeuka. Anaamka na kichwa kinamgonga, anatapika ghafla bila hata kusikia kichefuchefu. Anasema anaona watu wawili wawili. Miguu imeregea, alianguka bafuni. Kuna nyakati anaongea na marehemu dada yake kana kwamba amekaa naye jamvini. Usiku mmoja akapata degedege, tukamkimbiza kituo cha karibu wakampa fenitoini, na anaendelea nayo mpaka leo. Tukarudi Dar. CT ya kifua ikaonyesha mapafu yametulia. Lakini MRI ya kichwa na mgongo, daktari akasema saratani imeingia kwenye utando wa ubongo. Akaandika dawa mpya, osimertinibu, vidonge viwili vya 80 kwa siku, na vidonge vya deksamethasoni vya kupunguza uvimbe. Ile mpya tulipouliza bei, mshahara wangu wa mwezi haufiki hata robo ya dawa ya mwezi mmoja.

Sasa nyumbani kumegawanyika. Kaka anataka tuuze shamba la mikorosho la mama. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, anasema haya ni mambo ya watu, mtu hawezi kupona mapafu halafu akaugua kichwa, na kuongea na marehemu ndiyo ushahidi. Anataka tuache hospitali tumvushe ng'ambo ya Ruvuma kwa mtaalamu anayemjua. Kijana mmoja kwenye kundi la WhatsApp anauza "dawa hiyohiyo kutoka nje" kwa bei ya chini sana. Mama mwenyewe akili zikimtulia anasema neno moja tu: msiuze shamba.

Mdogo wangu wa mwisho naye ananiuliza kila siku kama ni salfa tunayopuliza mikorosho ndiyo iliyomletea, na kama sisi mabinti tumeirithi.

Nisaidie, Shangazi. Dawa hii inasaidia kweli ikishafika kwenye ubongo, au tunataka kuuza shamba kwa ajili ya kujifariji? Na mjomba nimwambieje bila kuvunja adabu?

Binti wa Tandahimba


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mama mpe pole zangu saa zile akili zinapokuwa zimetulia.

Nitafika kwenye shamba na kwa mjomba. Lakini kuna kitu umekitaja kwa kupita tu, nacho ndicho kilichonishtua kuliko vyote: fenitoini. Dawa hiyo huzuia degedege vizuri, ila ina tabia ya kulichochea ini livunje dawa nyingine kwa kasi kuliko kawaida. Osimertinibu ni mojawapo ya dawa zinazovunjwa hivyo. Gefitinibu pia. Maana yake mnaweza kununua kidonge cha bei hiyo, mama akakimeza kwa uaminifu, na sehemu kubwa ikaishia kwenye ini kabla haijafanya kazi. Kabamazepini na fenobabitoni zina tabia hiyohiyo, na rifampisini ya kifua kikuu ndiyo kali zaidi, kwa hiyo mtu akitaka kumrudishia dawa za TB "kwa majaribio" kwa sababu anakohoa, mwambieni kwanza anameza nini.

Usimwachishe fenitoini mwenyewe. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Mpigie daktari wa Dar es Salaam, mwambie: mama yuko kwenye fenitoini, je, aliijua wakati anaandika osimertinibu? Zipo dawa nyingine za degedege zisizogombana na vidonge hivi, levetirasetamu ni mojawapo, na kubadilisha hufanywa kwa utaratibu. Huenda daktari hakuambiwa kabisa, maana fenitoini ilitoka kituo kingine na kijitabu kingine. Haya hutokea sana kwa wagonjwa wetu wanaotibiwa huku na kule. Nunua daftari moja, andika humo kila dawa anayomeza na nani aliyeitoa, liwe linatembea naye.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando mwembamba, na kati ya matabaka ya utando huo kuna maji yanayozunguka kutoka kichwani mpaka chini kiunoni. Seli za saratani zikiingia kwenye maji hayo hazikai mahali pamoja kama uvimbe. Zinasambaa kama unga uliomwagwa ndani ya ndoo ya maji, nyingine zikiganda kwenye mishipa ya fahamu njiani. Ndiyo maana mama anaumwa vitu visivyofanana: mshipa unaogeuza jicho ukiguswa anaona watu wawili, mizizi ya mishipa ya mgongoni ikiguswa miguu inaregea, na maji yakikosa njia ya kuzunguka presha ya kichwa inapanda, hapo ndipo kichwa cha asubuhi na kutapika kusikokuwa na kichefuchefu vinapotoka. Kuchanganyikiwa kwake pia kunatoka humo.

Kama watataka kumchoma sindano ya mgongo ili kuyachukua maji hayo, msiogope, na wakisema warudie mara ya pili msidhani wanamfanyia majaribio. Sindano ya kwanza hukosa kuziona seli za saratani kwa wagonjwa wengi ambao kweli wanazo. Ila kama MRI imeonyesha wazi na dalili ni hizo ulizozieleza, daktari anaweza asingoje.

Mjomba amesema mtu hawezi kupona mapafu akaugua kichwa. Kwa macho ya kawaida yuko sahihi, inashangaza. Lakini sababu inajulikana. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho Mungu amekiweka ili sumu na takataka zisipite ovyo. Kizuizi hicho huzuia dawa nyingi pia. Gefitinibu iliyosafisha mapafu ya mama hupenya kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo seli chache zilizojificha upande wa pili zilibaki zinakula na kuongezeka huku kifuani mambo yakiwa shwari. Mapafu kutulia na kichwa kuugua ni mwendo unaojulikana kabisa wa ugonjwa huu, hasa kwa wenye badiliko la EGFR kama mama, ambao kwa vidonge hivi huishi muda mrefu kuliko zamani na hivyo ugonjwa unapata muda wa kufika huko.

Osimertinibu, ambayo kwenye boksi la kampuni iliyoigundua imeandikwa Tagrisso, ni ya kizazi cha tatu cha vidonge hivi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Inalenga badiliko lilelile la EGFR, inalenga pia badiliko jingine liitwalo T790M ambalo mara nyingi ndilo linalofanya vidonge vya mwanzo vishindwe, na inapenya kwenye ubongo vizuri zaidi. Uliuliza kama inasaidia kweli ikishafika huko. Ndiyo, kwa wengi inasaidia, wala si kwa kufariji. Utafiti ulioitwa BLOOM, uliochapishwa mwaka 2020, uliwafuata wagonjwa 41 waliofanana na mama yako: saratani ya mapafu yenye EGFR, vidonge vya mwanzo vimeshindwa, ugonjwa uko kwenye utando. Walipewa miligramu 160 kwa siku, yaani vile vidonge viwili alivyoandikiwa mama. Kwa asilimia 62 ya wagonjwa picha zilionyesha ugonjwa wa kwenye utando umerudi nyuma. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11, nusu hawakuifikisha.

Yasome maneno hayo ya mwisho polepole, mwanangu. Dawa hii haiponyi. Bila matibabu yoyote, ugonjwa wa utando huhesabiwa kwa wiki, 4 hadi 6 kwa wengi. Pengo kati ya wiki na miezi ni kubwa, na ndani ya miezi hiyo kuna watu walioacha kutapika, wakatembea, wakawatambua watoto wao. Lakini asije mtu akakuambia uza shamba mama apone. Kupona hakupo kwenye boksi hilo.

Kuna jambo kuhusu idadi ya vidonge ambalo nakutaka umuulize daktari bila aibu. Vidonge viwili ni gharama mara mbili. Katika tafiti nyingine za dawa hiyo zilizoitwa AURA walikuwamo wagonjwa 22 wenye ugonjwa wa utando waliotumia kidonge kimoja tu cha 80 kwa siku, na zaidi ya nusu yao nao ugonjwa ulirudi nyuma. Hawakuwa wengi, na wagonjwa wa tafiti mbili hawalinganishwi hivi hivi. Hata hivyo yatosha kuuliza: "Daktari, uwezo wetu ni wa kidonge kimoja. Tukianza na kimoja tukaangalia, ni vibaya kuliko kukosa kabisa?" Madaktari wengi huandika kilicho bora wakidhani familia itasema kama haiwezi. Nasi hatusemi. Tunaondoka na karatasi, tunakwenda kulia kwenye basi.

Twende kwenye fedha, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjikia.

Umesema wewe ni mwalimu wa serikali, kwa hiyo unakatwa bima ya afya ya NHIF kila mwezi. Je, mama umemwandikisha kama mtegemezi wako? Hukusema. Wazazi wa mwanachama wanaruhusiwa. Kama hayumo, kesho nenda ofisi ya mfuko huo Mtwara mjini na cheti chako cha kuzaliwa. Siwezi kukuahidi kwamba dawa hii imo kwenye orodha yao. Peleka fomu ya daktari na uombe jibu kwa maandishi. Hata wakikataa kidonge, kulipiwa vipimo, kulazwa na dawa nyingine ndogondogo kutawaachia fedha za kidonge. Pale hospitalini alikotibiwa, ulizia pia ofisi ya ustawi wa jamii. Watu wanaipita mlangoni wakidhani ni ya watoto waliotelekezwa, kumbe ndiyo inayopokea maombi ya msamaha wa gharama.

Shamba sasa. Mwenye shamba ameshasema lisiuzwe. Kwangu mimi hoja ingeishia hapo, lakini kaka yako anamjali mama, tusimdharau, tufanye hesabu naye. Kidonge hiki humezwa kila siku maadamu kinafanya kazi. Fedha za shamba zinakuja mara moja. Mkiuza kwa haraka mtauza kwa hasara, mtanunua miezi kadhaa, na kama dawa inafanya kazi mtajikuta mnaikatisha ikiwa inamsaidia, huku shamba halipo na msimu ujao haupo. Bora mkae, mwandike: ndugu wote pamoja mnaweza kutoa kiasi gani kila mwezi bila kugusa ardhi? Korosho za msimu zitakazopita mnadani kupitia chama chenu cha msingi zitaleta kiasi gani? Mkipata ya miezi miwili ya mwanzo, anzeni, na mkubaliane na daktari siku ya kumtathmini. Dawa hii ikimpata vizuri huonyesha dalili zake ndani ya wiki chache, kichwa hupungua, kutapika hukoma. Kama baada ya miezi miwili hali ni ileile au imeshuka, mnaacha, na hamtakuwa mmepoteza shamba kwa kitu kilichokwisha kujulikana hakifanyi kazi.

Na kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo, tafadhali, hapana. Najua watakuja. Wakisikia nyumba ina mgonjwa wanakuja usiku na fedha taslimu, wanazinunua korosho zikiwa bado ua, kwa bei ya kuchekesha. Ni kinyume cha sheria na ni ukatili. Mwambie kaka.

Kijana wa WhatsApp naye mfute. Ni kweli kwamba viwanda vya Bangladesh vinatengeneza osimertinibu kwa jina lisilo la kampuni iliyoigundua, na bei yake ni ndogo kuliko ile ya asili. Kwa hiyo si kila kidonge cha bei nafuu ni feki. Tatizo la huyu ni njia. Hakuna jicho la mtu linaloweza kutofautisha kidonge cha kweli na cha unga wa muhogo, na kwa ugonjwa huu mwezi mmoja wa kidonge feki ndio mwezi wenyewe. Njia halali ni famasi iliyosajiliwa kuomba kibali TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa nchini, kwa cheti cha daktari cha mgonjwa mwenye jina. Muulize mfamasia wa hospitali kubwa Dar es Salaam, ikiwemo Ocean Road ya saratani, kama wanaijua famasi inayofanya hivyo. Hilo ni swali la kawaida kwao.

Akianza, mambo machache ya nyumbani. Kinamezwa kabla au baada ya chakula, hakuna tofauti. Kisipondwe kinuni. Kama kumeza kumekuwa kazi, kitumbukize kizima kwenye maji ya kawaida kiasi cha robo glasi, yasiyo ya moto wala ya gesi, koroga mpaka kisambae, anywe palepale, kisha suuza glasi kwa maji kidogo anywe na hayo. Anaweza kupata kuhara, upele, ngozi kukauka, kucha kuuma pembeni na pengine vidonda vya mdomo. Hayo yanatunzwa: maji ya chumvichumvi ya pakiti, mafuta ya ngozi, kucha zikatwe fupi, na daktari ajulishwe kama kuhara hakukati. Yasiyosubiri ni haya: kubanwa pumzi kupya pamoja na kikohozi kikavu au homa, moyo kwenda mbio au kuzimia. Hapo acheni kidonge, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa inaweza kuvimbisha mapafu yenyewe au kuvuruga mapigo ya moyo. Apimwe moyo kwa ECG kabla ya kuanza. Hiyo hamhitaji kuifuata Dar: ulizeni hospitali ya mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara. Ile deksamethasoni nayo isikatwe ghafla, na sukari yake iwe inapimwa.

Barabara unaijua kuliko mimi. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga na watu wa kusini wakabaki upande huu. Masika yakikaribia, dawa iwe imeshafika nyumbani.

Kuhusu mjomba. Kwenu mjomba ni mjomba, si kama huku kwetu ambako ni mtu wa kuja na zawadi ya Idi. Ukimpinga mbele ya watu utashinda hoja na kumpoteza mama, maana ukoo utagawanyika na mgonjwa atabaki katikati. Usimbishie uchawi. Mwombe jambo moja: safari ijayo ya hospitali yeye ndiye amsindikize mama, aingie chumbani kwa daktari, aulize mwenyewe kwa nini mapafu yamepona na kichwa kinaugua, na aonyeshwe picha ya MRI. Mzee aliyepewa heshima ya kuuliza huwa mwepesi kusikia kuliko aliyeletewa majibu na mtoto aliyemsomesha. Na akimwona dada yake ameacha kuongea na marehemu baada ya kichwa kupungua presha, huna haja ya kusema neno.

Kama bado atataka dua, zisomwe, kombe la kunywa mwachieni ndugu wa dini aliangalie. Miti ya kuchemsha ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu ileile ya fenitoini: haijulikani itafanya nini kwenye ini. Na safari ya kuvuka Ruvuma kwa mtu mwenye degedege na miguu isiyoshika, hiyo kataeni nyote kwa sauti moja, kwa kisingizio cha afya ya safari tu, bila kutaja mganga.

Huenda hesabu ikagoma. Huenda NHIF ikasema hapana, korosho zikashuka bei, daktari akasema kidonge kimoja hakitoshi. Hata hapo mama ana tiba. Maji ya kichwa yakizidi, mrija unaweza kuwekwa kuyapunguza, na wapasuaji wa ubongo wapo taasisi ya MOI pale Muhimbili. Sehemu moja ya mgongo ikiuma sana inaweza kupigwa mionzi. Maumivu yana mofini ya maji, ambayo watu wetu wanaikataa kwa kudhani ni sindano ya kuagana. Inampa mtu usingizi na utulivu wa kula na kuzungumza, na akipewa kwa kipimo haimharakishi kwenda popote. Waombeni watu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso, mapema, hata kama mnaendelea na kidonge. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

Na muulizeni mama. Katika barua nzima umeniambia anataka nini kuhusu shamba, hukuniambia anataka nini kuhusu mwili wake. Asubuhi akiwa ameshameza dawa na kichwa kimetulia, kaa naye wewe mwenyewe bila kaka wala mjomba. Mweleze kidonge kinaweza nini na hakiwezi nini. Wazazi wetu wanajua kuliko tunavyodhani. Wengine wanataka kupigana mpaka siku ya mwisho, wengine wanataka kulala kwenye jamvi lao wakisikia wajukuu. Akichagua la pili, wewe hujamuua, na kaka asije akasema hivyo msibani.

Mdogo wako mwambie hivi. Badiliko hili la EGFR kwa kawaida hujitokeza ndani ya seli za pafu mtu akiwa mkubwa, halitoki tumboni kwa mama kwenda kwa binti. Hamjarithi. Wanawake wasiovuta sigara ndio wanaokutwa nalo mara nyingi zaidi kuliko wavutaji, na hakuna aliyefanya kosa. Salfa inawasha macho na koo, jifungeni vitambaa usoni mnapopuliza na msipulizie upande upepo unakotoka, lakini haimo katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta saratani ya mapafu. Moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha unashukiwa zaidi kuliko salfa. Kama jiko lenu liko hivyo, kaka aliyekuwa tayari kuuza shamba zima anaweza kuanza kwa kutoboa dirisha.